Kupima ng'ombe wote, kupima kwa umri, au kupima wachache walio hatarini: upimaji upi wa kichaa cha ng'ombe unatosha?

Nchi ikitangaza kwamba imemkuta ng'ombe mmoja na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, watu huuliza papo hapo: na hao wengine, wamepimwa? Jibu linategemea nchi. Kwa miaka mingi Japani ilimpima kila ng'ombe aliyechinjwa. Ulaya ilipima kwa kuangalia umri. Marekani hupima idadi ndogo, ikilenga ng'ombe wagonjwa na waliokufa. Kila njia ina wataalamu wanaoitetea kwa hoja nzito, na mlaji, mwagizaji wa nyama au mfugaji anayewasikiliza wote hubaki njia panda.

Nimeziweka njia hizo tatu pamoja na kuziuliza maswali yaleyale. Naandika nikiamini kwamba anayeogopa ugonjwa huu ana haki ya kuogopa, na kwamba anastahili maelezo badala ya kuambiwa tu atulie.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Chanzo chake ni prioni, protini iliyojikunja vibaya ambayo huzifanya protini nyingine za aina yake zijikunje vivyo hivyo, mpaka ubongo unajaa vitundu vidogovidogo. Prioni si bakteria wala virusi, na moto wa jikoni hauimalizi. Ilisambaa kupitia unga wa nyama na mifupa, yaani mabaki ya machinjioni yaliyosagwa na kurudishwa kwa ng'ombe kama chakula. Uingereza ilipiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua unga huo Julai 1988, lakini waliokwisha kuula walikuwa bado wanabeba ugonjwa kimyakimya. Ndiyo maana kilele kilikuja mwaka 1992, kwa zaidi ya wagonjwa 36,000 katika mwaka mmoja. Jumla ya ng'ombe waliothibitishwa Uingereza ilipita 180,000.

Kwa miaka mingi wananchi waliambiwa nyama ni salama. Kisha Machi 20, 1996, waziri wa afya Stephen Dorrell alisimama bungeni kueleza kwamba aina mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaoua binadamu, iliyoonekana kwa watu kumi, wengi wao vijana, huenda ilitokana na ng'ombe. Hadi leo watu 178 wamekufa kwa ugonjwa huo Uingereza. Anayeshuku kauli za serikali kuhusu nyama ana historia ya kuegemea.

Kipimo kinaona nini, na hakioni nini

Kabla ya kulinganisha nchi ni lazima tukijue kipimo chenyewe, kwa sababu mabishano mengi yanaanza hapa.

Hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kumpimia ng'ombe akiwa hai. Anapimwa akishachinjwa au akishakufa. Kichwa kikitenganishwa, mpimaji huingiza kijiko kirefu katika tundu la nyuma ya fuvu, pale uboho wa uti wa mgongo unapoungana na ubongo, na kuchota kipande cha shina la ubongo. Kipande hicho huandikwa namba ya hereni ya sikio la ng'ombe huyo na kupelekwa maabara. Huko husagwa na kutiwa kimeng'enya kinachozimeng'enya protini za kawaida. Prioni iliyojikunja vibaya hustahimili, na kingamwili zilizoandaliwa huigundua. Majibu ya kipimo cha haraka hutoka ndani ya saa chache. Sampuli yenye shaka hurudiwa kwa mbinu nyingine ili kuthibitisha.

Shida ni muda. Ugonjwa hulala mwilini kwa wastani wa miaka 4 hadi 6, na kipimo huanza kuuona miezi michache tu kabla ya dalili. Ng'ombe aliyeambukizwa akiwa ndama na kuchinjwa akiwa na miezi 20 kwa kawaida atatoka bila kuonekana na ugonjwa, ilhali anao. Wapo wachache wanaougua mapema: mdogo kuliko wote aliyeonyesha dalili Uingereza alikuwa na miezi 20. Lakini ng'ombe wengi wa nyama huchinjwa wakiwa wadogo, kabla kipimo hakijaweza kusema lolote la maana.

Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa mlaji uko nje ya maabara. Wa kwanza ni kuondoa na kuteketeza viungo vya hatari: ubongo, macho, uboho wa uti wa mgongo, tezi za koo, na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Wa pili ni kuzuia mabaki ya ng'ombe yasirudi kwenye hori la ng'ombe. Nchi zote tatu nitakazozitaja zina sheria hizi mbili, ingawa ukali wake unatofautiana. Upimaji unakuja juu ya hizo, na kazi yake kubwa ni kuonyesha kama zinafanya kazi.

Maswali ya kuuliza kila njia

Nitauliza maswali manne. Inawafikia ng'ombe gani? Inamlindaje mtu atakayekula nyama hiyo? Inatufunulia nini kuhusu ugonjwa katika nchi nzima? Na gharama yake ni ipi ukilinganisha na imani inayoleta? Kisha nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kupima wote (Japani, 2001 hadi 2013)

Septemba 2001 Japani ilitangaza ng'ombe wake wa kwanza mgonjwa, wa maziwa, katika mkoa wa Chiba. Serikali ikasema mzoga wake umechomwa. Baadaye ikabainika kwamba ulikuwa umesagwa kuwa unga. Imani ilivunjika, na walaji wakaikimbia nyama ya ng'ombe. Oktoba 18 mwaka huohuo ulianza utaratibu wa kumpima kila ng'ombe anayefika machinjioni, awe na umri wowote.

*Inawafikia nani.* Kila anayechinjwa. Mwaka 2003 utaratibu huu uliwanasa ng'ombe wawili wa miezi 21 na 23, ambao mfumo wa kupima kwa umri ungewapita. Watetezi wa kupima wote waliwatumia hao kama ushahidi. Majaribio ya baadaye ya kuambukiza panya kwa ubongo wao hayakufaulu, jambo lililopunguza uzito wa hoja hiyo.

*Inamlindaje mlaji.* Nyama haitoki mpaka majibu yatoke. Anayekaribia kuugua huzuiwa mlangoni. Aliyeambukizwa karibuni hupita, na cheti chake huwa sawa na cha mzima. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi: neno "amepimwa" kwa ng'ombe mdogo humpa mlaji uhakika ambao maabara haina uwezo wa kuutoa.

*Inafunua nini.* Picha kamili ya wanaochinjwa, mradi wanaokufa mashambani nao wapimwe. Kwa jumla Japani iligundua ng'ombe 36.

*Gharama na imani.* Ni ghali, na fedha nyingi huenda kwa wanyama wadogo ambao kwao kipimo hakina uwezo. Lakini imani ilirudi. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 2005, serikali kuu ilipolegeza sharti kwa walio chini ya miezi 21, mikoa iliendelea kupima wote. Ni mwaka 2013 tu, sharti liliposogezwa hadi miezi 48, ndipo mikoa ilipoacha kwa pamoja. Mwaka 2017 upimaji wa ng'ombe wazima wa afya ulikomeshwa.

*Inamfaa nani.* Nchi ambayo wananchi wamedanganywa au wanaamini wamedanganywa, katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Pia mzalishaji mdogo mwenye mteja anayetaka kila mnyama apimwe na yuko tayari kulipia.

Njia ya pili: kupima kwa umri na kwa hali (Umoja wa Ulaya, 2001 na kuendelea)

Mwishoni mwa mwaka 2000, Ujerumani na Hispania, zilizokuwa zikijiona salama, ziligundua ng'ombe wao wa kwanza waliozaliwa humohumo. Januari 2001 mawaziri wawili wa Ujerumani, wa kilimo na wa afya, walijiuzulu. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulianza kupima ng'ombe wote wa afya waliozidi miezi 30 wanapochinjwa, pamoja na walio hatarini waliozidi miezi 24: waliokufa, waliochinjwa kwa dharura, na waliokuwa na dalili.

*Inawafikia nani.* Wale ambao kipimo kinaweza kuwaona. Mbinu ya kuwatafuta waliokufa ilianzia Uswisi mwaka 1999, na ilionyesha jambo ambalo kila mtunga sera anapaswa kulijua: ugonjwa hupatikana kwa urahisi zaidi miongoni mwa wanyama waliokufa au walioshindwa kusimama kuliko miongoni mwa wanaoingia machinjioni kwa miguu yao.

*Inamlindaje mlaji.* Nyama husubiri majibu. Ng'ombe mmoja akikutwa na ugonjwa, nyama yake huteketezwa pamoja na ya aliyetangulia na ya wawili waliomfuata kwenye mstari wa kuchinjia, kwa sababu ya msumeno na visu vilevile. Wadogo hawapimwi, na sheria haidai kwamba wamepimwa. Naupenda uwazi huo.

*Inafunua nini.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kwa kuwa ng'ombe walio hatarini na wa afya walipimwa kwa wingi mwaka baada ya mwaka, Ulaya iliweza kuona ugonjwa ukipungua, na kuona kwamba waliozaliwa baada ya marufuku kamili ya mwaka 2001 ya kulisha mifugo protini za wanyama walikuwa nadra kuugua. Ushahidi ulipokuja, masharti yalilegezwa hatua kwa hatua: miezi 48 mwaka 2009, miezi 72 mwaka 2011, na tangu 2013 nchi wanachama zikaruhusiwa kuacha kupima ng'ombe wa afya, huku upimaji wa walio hatarini ukiendelea.

*Gharama na imani.* Katika miaka ya mwanzo gharama ilikuwa kubwa mno, na wakosoaji walisema fedha hizo zingeokoa maisha mengi zaidi kwingineko katika afya. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini bila miaka hiyo ya takwimu, ulegezaji wa baadaye ungekuwa wa kubahatisha.

*Inamfaa nani.* Nchi yenye ng'ombe wengi wa maziwa wanaofika umri mkubwa, yenye kumbukumbu za kuzaliwa zinazoaminika, na yenye hofu ya kweli kwamba chakula kilichochafuliwa kiliwahi kuingia. Bila kumbukumbu za umri njia hii haiwezekani, labda daktari wa mifugo akisie umri kwa meno.

Njia ya tatu: sampuli ya walio hatarini (Marekani)

Desemba 23, 2003, Marekani ilitangaza ng'ombe wake wa kwanza, wa maziwa, katika jimbo la Washington. Alikuwa amezaliwa Kanada. Alichinjwa Desemba 9. Majibu yalipotoka nyama yake ilikuwa imekwisha kusambazwa, na kilo zaidi ya 4,000 za nyama zikaamriwa zirudishwe. Japani na Korea Kusini zilifunga masoko yao. Wiki chache baadaye sheria mpya zilitoka: ng'ombe wasioweza kusimama wakazuiwa kuwa chakula cha binadamu, viungo vya hatari vikaondolewa, na nyama ya anayepimwa ikatakiwa isubiri majibu.

*Inawafikia nani.* Wachache, kwa makusudi. Kati ya Juni 2004 na Agosti 2006 zilichukuliwa sampuli zaidi ya 787,000, na wagonjwa wawili wakapatikana, mmoja Texas na mmoja Alabama. Baadaye idadi ilishuka hadi 40,000 kwa mwaka, kisha takriban 25,000, katika nchi inayochinja ng'ombe takriban milioni 30 kila mwaka.

*Inamlindaje mlaji.* Moja kwa moja, kidogo sana. Karibu kila kipande cha nyama kinatoka kwa ng'ombe asiyepimwa. Ulinzi wote umebebwa na kuondoa viungo vya hatari na marufuku ya chakula, iliyoanza 1997 na kukazwa 2009. Marufuku ya 1997 ilikuwa na pengo lililowatia watu wengi hofu: mabaki ya ng'ombe, hata ubongo, yaliendelea kulishwa kuku na nguruwe, na takataka za mabanda ya kuku, zilizolishwa ng'ombe, ziliweza kurudisha mabaki hayo kwao. Waliolalamika wakati huo walikuwa na sababu.

*Inafunua nini.* Inategemea kabisa uaminifu wa uchaguzi wa sampuli. Ikiwa wagonjwa na waliokufa kweli wanafikishwa kwa mpimaji, sampuli ndogo hueleza mengi: baada ya zoezi la 2004 hadi 2006 serikali ilikadiria wagonjwa 4 hadi 7 kati ya ng'ombe wazima milioni 42. Wakizikwa kimya shambani, hesabu hiyo haina maana. Ng'ombe wa California wa mwaka 2012, mwenye umri wa zaidi ya miaka 10, aligunduliwa kwa sababu mzoga wake ulifika mahali pa kukusanyia mizoga na kuchaguliwa kupimwa. Kati ya wagonjwa 7 walioripotiwa Marekani hadi 2023, wa 2003 pekee ndiye aliyekuwa na aina ya kawaida inayotokana na chakula. Wengine sita walikuwa na aina isiyo ya kawaida, inayodhaniwa kujitokeza yenyewe kwa ng'ombe wazee.

Yule wa Texas ana somo lake. Novemba 2004 vipimo vya haraka vilimshuku, kipimo cha uthibitisho kikamsafisha, na jambo likafungwa. Mwaka 2005 mkaguzi mkuu wa wizara ya kilimo aliamuru apimwe tena kwa mbinu nyingine; sampuli ikapelekwa pia kwenye maabara ya Weybridge, Uingereza. Juni ikathibitishwa kwamba alikuwa mgonjwa. Nyama yake haikuingia sokoni, lakini miezi saba ya kumhesabu kuwa mzima inaonyesha kwamba ubora wa maabara na uhuru wa wakaguzi ni muhimu sawa na idadi ya sampuli.

*Gharama na imani.* Ni nafuu kuliko zote. Imani ndiyo dhaifu. Mwaka 2008 Wakorea walijaa barabarani na mishumaa kupinga kurejeshwa kwa nyama ya Marekani.

*Inamfaa nani.* Nchi yenye ng'ombe wengi wanaochinjwa wakiwa wadogo, yenye ushahidi wa awali kwamba ugonjwa ni nadra, na yenye wafugaji wanaoripoti bila kuogopa hasara.

Je, mwenye nyama aruhusiwe kupima mwenyewe?

Mwaka 2004 kampuni ya Creekstone Farms ya Kansas iliomba kuwapima ng'ombe wake wote kwa gharama yake, takriban dola 20 kwa kila mmoja, ili irudishe wateja wa Japani. Wizara ya kilimo ilikataa kwa kutumia sheria ya mwaka 1913 inayosimamia chanjo na dawa za mifugo. Kampuni ilienda mahakamani mwaka 2006, ikashinda mwaka 2007, kisha mahakama ya rufaa ikaipa wizara ushindi Agosti 2008.

Wizara ilihoji kwamba kupima wanyama wadogo kungempotosha mlaji, na kisayansi hoja hiyo inasimama. Wazalishaji wakubwa nao walihofia kulazimishwa na soko kufanya hivyohivyo. Kwa maoni yangu kukataza kulikuwa kosa. Ingetosha kuitaka kampuni iandike umri wa ng'ombe na mipaka ya kipimo kwenye cheti. Mnunuzi anayeomba taarifa zaidi kuhusu anachokula, na mwenye mali akakubali kumpa, hawamdhuru mtu. Katazo lenyewe ndilo lililowafanya wengi waamini kuna linalofichwa.

Uchague kulingana na hali yako

Ukiwa mlaji tu, acha kuuliza kwanza kama ng'ombe huyo alipimwa. Uliza nyama imetoka nchi gani, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeiweka daraja gani la hatari ya ugonjwa huu. Chagua mnofu. Epuka ubongo na uboho wa mgongo wa ng'ombe mzee, na nyama iliyokwanguliwa kwa mashine kwenye mifupa ya mgongo. Maziwa hayajaonekana kuambukiza watu. Ikiwa bado unahitaji uhakika wa kipimo ili ule kwa amani, tafuta nyama ya ng'ombe mzee kutoka nchi ambayo bado inawapima wanaochinjwa, kwani hata Ulaya nchi ziliruhusiwa kuacha tangu 2013; hapo angalau kipimo kilikuwa na cha kuona.

Ukiwa mwagizaji, idadi ya waliopimwa isikupumbaze. Omba kuonyeshwa wangapi kati yao walikuwa wamekufa au wameshindwa kusimama. Omba pia cheti cha kuondolewa viungo vya hatari, umri wa kuchinjwa, na tarehe ambayo marufuku ya chakula ilianza kusimamiwa kweli viwandani. Nchi iliyopima wachache lakini wale sahihi inaweza kuwa salama kuliko iliyopima maelfu ya ng'ombe wadogo wenye afya.

Ukiwa mfugaji, macho yako yanatangulia kijiko cha maabara. Ng'ombe mtulivu anayeanza kurusha mateke akikamuliwa, anayeshtuka kwa sauti ndogo, anayeyumba miguu ya nyuma au kupungua maziwa na uzito bila sababu, mwite daktari wa mifugo. Soma lebo ya chakula unachonunua, na usiwape ng'ombe chakula cha kuku au cha nguruwe hata siku moja.

Ukiwa unashauri serikali iliyogundua mgonjwa wake wa kwanza, njia ya Ulaya ya 2001 inakupa picha ya haraka, na ya Japani inakupa muda wa kurudisha imani ikiwa umma umekasirika. Ikiwa miaka mingi ya takwimu tayari inaonyesha ugonjwa umekaribia kwisha, sampuli ndogo inatosha, ila iwe na mkaguzi wa nje mwenye mamlaka ya kuagiza kipimo kirudiwe.

Na ikiwa nchi haijawahi kupima kabisa, isianzie machinjioni. Ianzie kwa ng'ombe wazee waliokufa au kuanguka mashambani, na imlipe mfugaji fidia ya haki kwa kila mzoga anaouripoti. Bila fidia hiyo mizoga hiyo itazikwa usiku, na ripoti ya mwaka itasema hakuna mgonjwa.